Jua lipo juu ya bati, umeme haupo: kisa cha kiwanda kidogo cha maziwa Moshi

Ilikuwa saa sita mchana, mwezi wa nne 2024. Mawingu ya masika yalikuwa yamefunguka kwa muda na jua lilikuwa kali. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa nne. Mama mwenye kiwanda alinishika mkono, akanitoa hadi uani, akanionyesha paneli za sola zilizojaa juu ya bati, kisha akanigeuza niitazame jenereta iliyokuwa ikinguruma kando ya ukuta.

"Mwanangu," akasema, "jua hili lote linakwenda wapi?"

Kisa hiki chote ni jibu la swali lile. Ninakiandika kwa sababu wenye viwanda vidogo wengi Moshi na Arusha wanalipa gharama ileile bila kujua, na kwa sababu mjadala wa nishati na ukuaji wa uchumi mara nyingi huzungumzwa kwa megawati na asilimia za taifa, wakati ukuaji wenyewe unatokea, au unakwama, kwenye uani kama ule. Mwenye kiwanda ameridhia kisimuliwe. Nimeondoa majina, mtaa, nembo ya bidhaa na majina ya wateja, na hesabu nimezikaribisha kwenye tarakimu kamili ili kiwanda kisitambulike. Uwiano wa hesabu nimeuacha ulivyokuwa.

## Mazingira

Kiwanda kipo pembezoni mwa mji wa Moshi. Maziwa yanatoka vihambani, yaani kwenye mashamba yanayozunguka nyumba, kwa wafugaji wenye ng'ombe wawili watatu wa kufungia ndani, wengi wao akina mama. Yanashuka kwa bodaboda na pikapu ndani ya keni za alumini, mkupuo mmoja asubuhi, mwingine jioni. Kiwanda kinauza maziwa freshi ya pakiti na mtindi. Wakati ninaanza kazi ya ushauri pale kilikuwa na wafanyakazi 14, pamoja na binti wa Mama anayeshika hesabu.

Nishati ndani ya kiwanda cha maziwa inafanya kazi tatu, na kuzichanganya ndiko kunakoleta makosa. Ya kwanza ni joto la kuchemshia. Hapa lilitoka kwenye boila ya kuni, na kuni zenyewe ni magogo ya grevilea yanayokatwa vihambani. Ya pili ni baridi: maziwa yanaingia yakiwa na nyuzi 33 hivi na yanatakiwa yafike nyuzi 4 haraka, kabla vijidudu havijazaana. Ya tatu ni mwendo wa pampu, mashine ya kutenganisha krimu, mashine ya kufungasha na feni. Baridi na mwendo vilitegemea umeme wa gridi, na gridi ikikatika vilitegemea dizeli.

Watu wengi huona jambo hili kama sola upande mmoja na dizeli upande wa pili. Uniti ya luku yenyewe ni mchanganyiko. Ndani yake yamo maji ya Kidatu, Mtera na Kihansi, na tangu 2024 ya Bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji, na imo gesi asilia, ya Songo Songo iliyoanza kuzalisha umeme Dar es Salaam 2004 na ya Mtwara iliyofuata. Mvua zikiwa haba, sehemu ya gesi inapanda, na kabla ya bwawa hilo gesi isipotosha tulikuwa tunapata mgao. Sisi wa kaskazini tuna maji yetu pia. Yanayoshuka Kilimanjaro na Meru yanazungusha mitambo Nyumba ya Mungu, kisha Hale, kisha New Pangani, lakini mitambo hiyo mitatu kwa pamoja haifiki megawati 100. Umeme mwingi unaotufikia unasafiri njia ndefu kutoka kusini, na aliye mwisho wa waya hupata msukumo wa umeme uliochoka.

Kuni nazo ni nishati jadidifu, yaani inayojirudisha, kama mti unaokatwa unapandwa tena. Zaidi ya asilimia 80 ya nishati inayotumika nchini ni kuni na mkaa, kwa hiyo anayesema nchi yetu bado haijaanza kutumia nishati jadidifu amesahau jiko la jirani yake.

## Mfululizo wa matukio

Kiwanda kilianza 2019 kwa lita 400 kwa siku. Kufikia 2022 kilikuwa kimefika lita 1,200, kikiwa na tangi moja la kupozea na luku ya bei ya T1, daraja la watumiaji wa kawaida, yaani shilingi 292 kwa uniti, ambayo ukijumlisha kodi na tozo inakuwa 356.

Mwishoni mwa 2022 mvua ziligoma na mgao ukaja. Mama alistahimili miezi miwili, kisha Januari 2023 akanunua jenereta ya mtumba ya kVA 60 (kVA ni kipimo cha umeme unaoweza kutolewa kwa wakati mmoja). Alichagua kubwa kwa makusudi. "Sikutaka kununua mara mbili," aliniambia baadaye, na ninamwelewa. Wakati huo alikuwa na mazungumzo na shule mbili za bweni na hoteli moja, na wote waliuliza swali moja: umeme ukikatika, maziwa yetu yatafika? Jenereta ndiyo iliyompa ujasiri wa kujibu ndiyo. Mikataba ikasainiwa, na kufikia katikati ya 2023 lita zikapanda hadi 1,900.

Kuanzia Septemba 2023 mgao ukarudi kwa nguvu. Kisha ukaja usiku mmoja wa Novemba.

Umeme ulikatika saa moja jioni. Tangini mlikuwa na lita 500 zilizokwisha kupoa, na mkupuo wa jioni, lita 900 bado za moto, ulikuwa mlangoni. Kijana wa zamu aliyamimina maziwa ya moto juu ya yale ya baridi, kama alivyozoea, akijua jenereta itawaka. Haikuwaka. Betri ya kuwashia ilikuwa imekufa na hakuna aliyekuwa akiipima. Alijaribu mpaka saa tano usiku, fundi akapatikana asubuhi.

Saa kumi na mbili alfajiri Mama mwenyewe alichukua kijiko cha maziwa, akakichanganya na alkoholi ya kipimo ndani ya kikombe cha kioo, akakiinamisha mbele ya tochi. Maziwa mazima huteleza kwenye kioo na kuacha utando laini. Haya yaliacha chembechembe nyeupe zilizoganda ukutani, kama mchele uliopondwa. Akarudia kipimo. Akarudia mara ya tatu. Lita 1,400 zikamwagwa, na wafugaji wakalipwa wote kwa sababu kosa halikuwa lao. Kwa bei ya shilingi 1,100 kwa lita, hiyo ni shilingi 1,540,000 ndani ya usiku mmoja, bila kuhesabu shule iliyokosa maziwa siku ile.

Tukio lile lilimsukuma kwenye sola. Februari 2024 alifungiwa paneli za kilowati 20 kwa mkopo wa benki, marejesho shilingi milioni 1.2 kwa mwezi kwa miaka mitano. Mfungaji alimwambia bili itashuka. Hakumwambia kitu kingine cha muhimu, na hapo ndipo nilipoitwa.

## Tulichopima

Kabla ya kushauri lolote niliomba wiki mbili za kupima tu. Tulifunga mita ndogo kwenye kila mtambo, na binti wa hesabu akaandika saa ya kila mkupuo wa maziwa, kila kukatika kwa umeme na kila lita ya dizeli. Kisha tukafukua daftari la Novemba 2023 na kulisoma upya kwa vipimo hivyo.

Novemba ile kiwanda kilitumia uniti 190 kwa siku. Umeme ulikatika wastani wa saa sita kwa siku, na jenereta ikatoa uniti 60 hivi ndani ya saa hizo. Ilikuwa ikinywa lita tano kwa saa, yaani lita 30 kwa siku. Kwa dizeli ya shilingi 3,450, hiyo ni shilingi 103,500. Uniti 130 zilizobaki zilitoka gridi kwa shilingi 46,280. Soma tena hesabu hiyo taratibu: chini ya theluthi moja ya umeme ilimeza zaidi ya theluthi mbili ya fedha. Uniti moja ya dizeli ilimgharimu Mama shilingi 1,725, karibu mara tano ya uniti ya luku.

Sehemu ya ughali huo ilitokana na ukubwa wa jenereta. Mtambo wa kVA 60 unaobeba kilowati 10 ni kama fuso lililotumwa kupeleka ndoo moja ya nyanya. Dizeli nyingi inaishia kuzungusha chuma chenyewe. Hapa lita moja ilitoa uniti mbili, wakati jenereta inayobeba mzigo unaoitosha hutoa uniti tatu au zaidi.

Upande wa sola, paneli zilikuwa na uwezo wa kutoa uniti 80 kwa siku nzuri, lakini kiwanda kilitumia 45 tu. Jua linafika kileleni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na maziwa hayaji saa hizo. Yanakuja saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kisha saa kumi na moja hadi saa moja jioni. Mchana mitambo mingi ilikuwa imelala. Ukigawa marejesho ya mkopo kwa uniti 45, kila uniti ya "jua la bure" ilikuwa na bei ya shilingi 889.

Na jibu la swali la Mama lilikuwa hili. Inveta aliyofungiwa, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika kiwandani, ni ya aina inayofuata mapigo ya gridi. Gridi ikizimika, nayo inajizima, na ni sahihi ijizime, kwa sababu isingefanya hivyo fundi anayepanda nguzoni akiamini waya umekufa angeuawa na umeme unaotoka kwenye bati la Mama. Kwa hiyo siku ya mgao, saa ileile aliyonunulia sola, sola haikumpa hata uniti moja. Nilipomweleza alikaa kimya kidogo, akauliza, "Na hili halikuandikwa popote?" Halikuwa limeandikwa. Kila mtu anayefikiria kufunga sola kwa ajili ya mgao aulize kabla ya kulipa: gridi ikizima, inveta hii inafanya nini?

## Maamuzi na sababu zake

Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa betri kubwa za kubeba uniti 60 za usiku. Bei yake ilikaribia bei ya paneli zote, na mkopo wa kwanza ulikuwa bado mbichi. Nililipinga pia kwa sababu nyingine. Kiwanda hakikuhitaji umeme usiku, kilihitaji baridi usiku. Hivi ni vitu viwili tofauti, na kimoja kinahifadhika kwa bei nafuu kuliko kingine.

Tukaamua kujenga tangi la barafu. Ni tangi la chuma lililofunikwa kwa povu zito, lina mabomba ya kugandishia ndani, na kompresa ya kilowati sita inayofanya kazi mchana jua likiwa kali. Mabomba yanavaa barafu mpaka ifike kilo 600. Maziwa yakiingia, maji ya barafu yanapita upande mmoja wa bati nyembamba na maziwa upande wa pili, na kinachohitaji umeme saa ile ni pampu ndogo tu. Hesabu yake haina miujiza: lita 1,000 za maziwa zikishuka kutoka nyuzi 33 hadi 4 zinatoa joto la kuyeyusha kilo 350 hivi za barafu. Kilo 600 zinatosha mkupuo wowote mmoja, hata gridi ikiwa imekufa kabisa. Tangi lilichomelewa hapahapa mjini, kompresa ikanunuliwa mtumba, na gharama yote haikufika robo ya bei ya zile betri.

Pamoja na hilo tuliongeza inveta ya pili, inayojitengenezea mapigo yake yenyewe gridi inapozima, na betri ya uniti 10 kwa ajili ya pampu, taa na mashine ya kukorogea. Jenereta ya kVA 60 iliuzwa, ikanunuliwa ya kVA 15. Hili la kuuza nitalirudia.

Kazi nyingine zikahamishwa saa. Kufungasha na kuosha mitambo, vilivyokuwa vikifanyika jioni, vilisogezwa mchana. Hapa palikuwa na ubishi wa kweli, kwa sababu akina dada wa kufungasha walikuwa wakitumia mchana kwa shughuli zao za nyumbani. Mama alikaa nao, wakakubaliana zamu mbili na nauli juu. Uamuzi huo haukuhitaji waya hata mmoja, na ulikuwa mgumu kuliko mengine yote.

Kuhusu joto, kuna aliyependekeza boila ya gesi ya mitungi. Tulikataa kwa sababu gesi hiyo inatoka nje ya nchi kwa meli na bei yake inafuata ya mafuta, na Mama alikuwa anajaribu kujitoa kwenye bei hizo. Kuni zilibaki, ila zilianza kukaushwa. Gogo lililokatwa leo ni nusu maji kwa uzito, na moto unatumika kwanza kuyachemsha maji hayo kabla ya kuchemsha maziwa. Tulijenga banda wazi la bati, kuni zikapangwa kwa miezi mitatu, na matumizi yakashuka kwa karibu theluthi moja. Nimewahi kufanya kazi za mamilioni zilizoleta nafuu ndogo kuliko banda lile.

## Matokeo baada ya mwaka mmoja

Aprili 2025 kiwanda kilikuwa kinapokea lita 2,600 kwa siku na kina wafanyakazi 19. Kilitumia uniti 286 kwa siku: 206 za gridi, 70 za sola, 10 za dizeli. Ukijumlisha luku, dizeli na marejesho ya mkopo wa sola, gharama ya umeme kwa lita ya maziwa ilikuwa shilingi 47. Novemba 2023 ilikuwa 79, na hapo hapakuwa na mkopo wowote ndani yake. Uniti ya sola ilishuka kutoka shilingi 889 hadi 571, kwa paneli zilezile, kwa sababu tu zilipata kazi ya kufanya mchana. Bado ni ghali kuliko luku, na itabaki hivyo mpaka mkopo uishe. Yeyote anayemwambia mfanyabiashara kwamba sola ni bure tangu siku ya kwanza hamtendei haki.

Hakuna maziwa yaliyomwagwa kwa sababu ya umeme katika mwaka huo.

Kuna jambo moja kwenye hesabu hizi lililomshangaza binti wa Mama. Uniti kwa kila lita ziliongezeka kidogo, kutoka 0.10 hadi 0.11. Sababu ni kwamba kugandisha barafu kunaitaka kompresa ishuke kwenye baridi kali zaidi kuliko kupoza maziwa moja kwa moja, na kadiri inavyoshuka ndivyo inavyokula umeme zaidi. Tulitumia umeme mwingi zaidi kwa lita, tukalipa kidogo zaidi kwa lita. Anayepima maendeleo ya kiwanda kwa kuangalia kama kinabana matumizi ya nishati angesema tumerudi nyuma.

## Uchambuzi

Tangu 1978, John Kraft na Arthur Kraft walipochukua takwimu za Marekani za 1947 hadi 1974 na kukuta pato la taifa ndilo linalovuta matumizi ya nishati, wachumi hawajaafikiana. Wapo wanaosema nishati inasukuma ukuaji, wapo wanaosema ukuaji unaita nishati, wapo wanaoona vinavutana pande zote mbili, na wapo wanaoona kila kimoja kina njia yake. Kwa Tanzania, utafiti wa Nicholas Odhiambo wa 2009 uliona nishati, na umeme ndani yake, ndiyo iliyotangulia. Nicholas Apergis na James Payne, walipotenganisha nishati jadidifu na isiyo jadidifu katika nchi 80, waliona zote mbili zinavutana na ukuaji kwenda na kurudi. Ubishi huu una uzito mkubwa kwa sera. Kama nishati ndiyo inayosukuma, kuibana ni kuubana uchumi.

Nikizitazama hesabu za Mama kwa jicho hilo, naona ni rahisi sana kudanganyika. Dizeli iliingia Januari 2023 na lita zikapanda kutoka 1,200 hadi 1,900 mwaka huohuo. Mwenye takwimu angeandika kwamba dizeli ilikuza biashara, na hangekuwa amekosea kabisa, maana bila jenereta Mama asingeweza kusaini ile mikataba. Lakini lita zenyewe zililetwa na shule na hoteli, na lita hizo ndizo zilizoongeza saa za kuungurumisha jenereta. Hapo nishati na ukuaji viliitana kwa zamu.

Na kuna kinachofichwa ndani ya neno ukuaji. Mwishoni mwa 2023 kiwanda kilikuwa kinauza kuliko wakati wowote. Kituo cha mafuta kiliuza zaidi, fundi wa jenereta alipata kazi zaidi, na vyote hivyo vinahesabiwa kwenye pato. Faida ya Mama ilikuwa imekonda, na dizeli aliyoichoma ilinunuliwa kwa fedha za kigeni za nchi. Kwenye jedwali huo ni ukuaji. Mama aliulipia mwenyewe.

Nilichojifunza hapa, na ambacho sijakiona kikisemwa vya kutosha, ni kwamba nishati mbili zenye uniti sawa hazina thamani sawa. Dizeli ni ghali, ila inakuja ukiiita, saa yoyote. Jua ni rahisi, ila linakuja saa yake. Mteja wa hoteli halipii uniti, analipia uhakika kwamba maziwa yatafika saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo kiwanda kidogo kinanunua dizeli hata kwa mara tano ya bei, na kinafanya hivyo kwa akili timamu. Nishati jadidifu inaanza kukuza uchumi siku inapoweza kutoa uhakika huo. Hapa kilo 600 za barafu ziligeuza jua la saa saba mchana kuwa baridi ya saa mbili usiku.

Sasa niseme wazi kile ambacho si cha kwetu. Februari 2024, mwezi uleule Mama aliofungiwa sola, mtambo wa kwanza kati ya tisa wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 235 kati ya 2,115, uliingizwa kwenye gridi. Mingine ikafuata, na mgao wa ratiba ukaisha. Mwishoni mwa mwaka huo laini ya kilovolti 400 inayopita Arusha na kuunganisha Singida na Isinya nchini Kenya ikaanza kazi. Saa sita za kukatika zikawa wastani wa saa moja. Sehemu kubwa ya nafuu ya dizeli ilitoka huko, si kwenye tangi letu. Nilifanya hesabu ya upande wa pili: saa za kukatika zingebaki sita, mfumo mpya ungegharimu shilingi ngapi? Jibu lilikuja karibu 60 kwa lita. Kwa hiyo kati ya nafuu ya shilingi 32, takriban 19 ni za mpango wetu na 13 ni za maji ya Rufiji. Bila hesabu hiyo ningejisifia kitu ambacho taifa zima lilipata.

### Tulipokosea

Kosa kubwa lilikuwa langu. Nilishauri jenereta kubwa iuzwe Mei 2024, mara tangi la barafu lilipomalizika. Nilisahau kipupwe, mimi niliyezaliwa hapahapa. Juni na Julai mawingu yanaukalia mji tangu alfajiri, kuna siku hata mlima hauonekani wiki nzima, na paneli zilizotoa uniti 80 zikashuka hadi 35. Barafu ilifika nusu. Suluhisho lilikuwa kugandisha usiku kwa umeme wa gridi, na lilifanya kazi mpaka transfoma ya mtaa ilipoharibika katikati ya Julai. Jenereta ya kVA 15 haikuweza kuiwasha kompresa ya barafu na kubeba mengine kwa pamoja. Tulikodi jenereta kwa siku tisa, kwa bei ya anayejua huna pa kwenda. Ilipaswa kubaki mwaka mzima, tuone kila msimu, ndipo iuzwe.

La pili, hatukumshirikisha kijana wa zamu mapema. Ni yeye aliyejua, kuliko sisi wote, saa ambazo msukumo wa umeme unashuka mtaani na kompresa inagoma kuwaka. Alikuwa akiandika kwa chaki nyuma ya mlango. Tulikuja kuiona orodha ile mwezi wa tatu wa kazi, na ilitulazimu kupanga upya saa za kugandisha.

## Kilicho mezani sasa

Lita zikifika 3,000 hivi, uniti za gridi zitavuka 7,500 kwa mwezi na kiwanda kitahamia T2, daraja la bei la watumiaji wakubwa zaidi. Huko uniti inashuka hadi shilingi 195 kabla ya kodi, lakini kila kVA ya kilele cha mwezi, yaani kiwango cha juu kabisa cha umeme kiwanda kilichovuta kwa wakati mmoja, inalipiwa shilingi 15,004. Kwa uniti 7,500, kilele kikizidi kVA 47 hivi bili inakuwa kubwa kuliko ya T1. Tumepima kilele cha asubuhi, maziwa yakiingia na mitambo yote ikizunguka: kVA 52. Sola haikipunguzi, kwa sababu saa ile jua halijapanda. Kompresa ya barafu ikizimwa wakati huo na maziwa yapozwe kwa barafu ya jana, kilele kinashuka hadi 38.

Taima ya kuizima kompresa saa hizo imekwisha kununuliwa ila haijafungwa. Kwa sasa kazi hiyo anaifanya yule kijana kwa mkono, na juu ya kisanduku cha swichi ameandika kwa chaki: "Maziwa yakiingia, barafu ipumzike."